Usimuulize "Hujambo": Namna ya Kumpunguzia Mjamzito Msongo kwa Ajili ya Ubongo wa Mtoto

Wifi yangu alipobeba mimba yake ya pili alikuwa akilima mwani Jambiani, na kila nilipokwenda kumtazama nilimuuliza hali, naye akanijibu kama tunavyojibu sote Unguja na Pemba: mzima, alhamdulillahi, sijui wewe. Mimba ilipoingia mwezi wa sita nilimkuta barazani anafunga mbegu za mwani kwenye kamba kwa taitai, vile vikamba vyembamba, macho mekundu, nikamuuliza kama analala. "Nalala, wifi," akasema, "usingizi ndio siuoni." Vidole vyake havikusimama hata alipokuwa akiyasema hayo. Nikakaa, na kwa muda wa kama saa moja nikayasikia yote: deni la kikoba, mume aliyekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, na simu yake haipatikani, na maneno ya jirani kwamba huko aliko anataka kuoa.

Mwongozo huu unawahusu watu waliomzunguka mjamzito zaidi kuliko unavyomhusu yeye mwenyewe. Mambo yanayomnyima usingizi, kwa kawaida, yeye peke yake hawezi kuyaondoa, na anayemwambia "usiwaze sana, utamdhuru mtoto" anamwongezea wazo jingine juu ya yale aliyonayo.

Kinachopita na kisichopita kwenye kondo

Mtu akiingiwa na hofu, ubongo hutuma amri kwa tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo hutoa adrenalini na, baada ya dakika chache, homoni iitwayo kortisoli. Moyo hudunda kwa kasi, sukari huongezeka katika damu, mwili mzima hukaa tayari. Hofu ikipita, ubongo hutambua kwamba kortisoli imetosha na huamuru ipunguzwe. Kwa mjamzito kortisoli hupanda kadiri miezi inavyokwenda hata kama hana dhiki yoyote, na mtoto anaihitaji, kwani hiyo ni miongoni mwa vitu vinavyokomaza mapafu yake kabla ya kuzaliwa. Ndiyo maana mama anayeelekea kujifungua mtoto njiti huchomwa hospitalini sindano ya dawa ya jamii hiyohiyo, kama vile deksamethasoni. Kwa hiyo anayeizungumzia kortisoli kama sumu anakosea. Kinachotazamwa ni kiasi chake, muda inaokaa juu, na mwezi wa mimba ambao mambo hayo yanatokea.

Kondo la nyuma nalo halikukaa bure. Lina kimeng'enya kinachoigeuza sehemu kubwa ya kortisoli ya mama kuwa kortisoni, ambayo haina nguvu ile, kabla haijamfikia mtoto. Ni bawabu anayewarudisha wengi lakini hawezi kuwarudisha wote, na tafiti zilizofanywa kwa wanyama na kwa wanawake zinaonyesha kwamba wasiwasi wa muda mrefu unahusiana na kudhoofika kwa kimeng'enya hicho. Hapo ndipo mtoto anapopata zaidi ya fungu lake. Kuna njia nyingine zisizo za homoni, na mimi naziona kuwa za karibu zaidi na maisha yetu: mwanamke mwenye jakamoyo hali vizuri, halali, husahau vidonge vyake na hukosa kliniki, na yote hayo humfikia mtoto bila kuhitaji maelezo ya maabara.

Ubongo wenyewe hujengwa kwa awamu. Mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga takriban siku 28 baada ya mimba kutunga, mara nyingi mama akiwa bado anahesabu siku tu na hajawa na uhakika. Katika miezi ya kati seli za neva huzaliwa kwa wingi mkubwa na kusafiri kila moja hadi mahali pake. Miezi ya mwisho ni ya kuunganisha: seli hushikana, uso wa ubongo hujikunja, uzito huongezeka kwa kasi, hata mtoto anapozaliwa ubongo wake huwa na kama gramu 350 hadi 400, yaani takriban robo ya ubongo wa mtu mzima. Sehemu mbili zilizochunguzwa sana ni amigdala, inayoshughulika na hofu na tahadhari, na hipokampasi, inayoshughulika na kumbukumbu na kusaidia kuituliza ile mashine ya kortisoli. Zote mbili zina vipokezi vingi vya homoni hiyo. Picha za ubongo zilizopigwa kwa watoto wachanga waliolala zimeonyesha kwamba, kwa wale ambao mama zao walikuwa na msongo mkubwa au sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, kuna tofauti ndogo katika sehemu hizo na katika jinsi zinavyowasiliana na sehemu nyingine. Tofauti hizo huonekana kwa wastani wa kundi, na hakuna daktari anayeweza kuitazama picha ya mtoto mmoja akasema mama yake alilia au hakulia.

Msongo upi wa kuuogopa

Mwanamke aliyeshtuliwa na bodaboda Darajani, au aliyegombana na mawifi zake siku ya maulidi, hana haja ya kukesha akimwogopea mtoto. Mwaka 2006 Janet DiPietro na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha utafiti uliowafuatilia watoto hadi umri wa miaka miwili. Wanawake wenyewe walikuwa na afya na maisha yaliyotulia, na wale miongoni mwao waliokuwa na wasiwasi na msongo wa kiasi walizaa watoto waliokuwa mbele kidogo katika akili na viungo. Shughuli na pilikapilika za kawaida hazibomoi kitu.

Inapokuja dhiki nzito, habari hubadilika. Januari 1998 dhoruba ya barafu iliangusha nyaya za umeme huko Quebec, Kanada, na mamilioni ya watu wakakosa umeme, baadhi yao kwa zaidi ya mwezi mzima katika baridi kali. Suzanne King na wenzake wa Montreal waliwafuatilia watoto waliokuwa matumboni wakati ule, na wakakuta kwamba kadiri mama alivyopata taabu zaidi, kwa siku za giza, hasara na kuhamahama, ndivyo mtoto alivyokuwa nyuma katika lugha na vipimo vya akili alipofika miaka mitano na nusu. Sisi wa Unguja tunaielewa hadithi hiyo bila mkalimani, kwa kuwa tulikaa gizani takriban mwezi mmoja mwaka 2008, kisha miezi mitatu kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mtaalamu wa uchumi Alfredo Burlando alizichunguza kumbukumbu za wodi ya wazazi na akaonyesha kwamba kukatika kwa umeme kwa mwaka 2008 kulifuatiwa na kupungua kwa uzito wa watoto waliozaliwa, akakuhusisha na kipato cha nyumba kilichoanguka ghafla. Uzito si ubongo, lakini ndani ya habari hiyo mna jambo la kushika: fundi aliyekosa kazi kwa kuwa umeme umekatika hakuwa na mimba, na hata hivyo hasara yake ilifika tumboni.

Vipimo navyo viwekwe mahali pake. Katika utafiti mkubwa wa eneo la Bristol, Uingereza, watoto ambao mama zao walikuwa na wasiwasi mwingi kuliko wote mwishoni mwa mimba walikuwa na uwezekano wa takriban maradufu wa kuwa na matatizo ya tabia au hisia walipofika miaka minne. Maradufu ni neno linalotisha. Ukilihesabu, ni kutoka kama watoto 6 katika 100 hadi kama 12, maana yake ni kwamba watoto 88 wa mama waliosumbuka sana hawakuwa na tatizo hilo. Anayempelekea mjamzito habari hizi ampelekee na hesabu hiyo, au anyamaze.

Namna ya kuuliza

Salamu zetu ni nzuri, lakini zimejengwa ili zijibiwe kwa heri. Ukiuliza "hujambo" utajibiwa "sijambo" na mtu aliyefiwa asubuhi ileile. Kwa hiyo, baada ya salamu na baada ya wengine kuondoka, uliza maswali ambayo jibu lake ni kitu na si dua. Usiulize kama analala, kwa maana kulala ni kujinyoosha kitandani tu. Muulize usingizi anaupata saa ngapi na unakatika saa ngapi. Muulize jana alikula nini mchana, na nani alipika. Muulize ni jambo gani linalomjia akilini akiamka usiku. Muulize, kama mnaaminiana, kama kuna mtu nyumbani anayemwogopa.

Ukishauliza, vumilia kimya. Wengi wetu tukisikia mtu anaanza kulia humkatiza kwa "subiri, Mungu yupo", na kwa kufanya hivyo tunamfunga mdomo kwa maneno mema. Mwache amalize, kisha umuulize ni lipi kati ya hayo aliyoyasema ambalo likiondoka leo atapumua. Wifi yangu, nilipomuuliza hivyo, hakutaja mume wala mke mwenza. Alitaja shilingi elfu arobaini za kikoba.

Mzigo ugawanywe kwa majina na siku

Ahadi ya jumla, kwamba "tutakusaidia", haipunguzi kitu, kwani mjamzito anabaki na kazi ya kuomba. Kaeni, mume na mama mkwe na wanaoishi nyumba moja, mtaje kazi moja moja na mtu wake. Kwa wanaolima mwani, kalenda tayari ipo: kazi ya shambani huwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, na bamvua huja mara mbili kwa mwezi, basi ijulikane mapema nani ataingia baharini bamvua hizo na nani atabeba mwani mbichi, ambao uzito wake unaujua mgongo wa aliyeubeba. Mjamzito akitaka kuendelea kufunga mbegu kivulini, afunge, maana kipato chake mwenyewe ni kinga dhidi ya msongo na si busara kumnyang'anya kwa jina la kumpumzisha. Huko Pemba, msimu wa karafuu ukiingia, nyumba nzima hukesha ikichambua karafuu kutoka kwenye makonyo, yaani vikonyo vyake. Mwenye mimba ya miezi saba aondoke kwenye jamvi baada ya sala ya isha na asitazamwe kwa jicho la uvivu.

Mume anayekwenda dago au kufanya kazi mbali ana mambo mawili ya kuyafanya kabla ya kuondoka. La kwanza ni kuacha fedha ya matumizi mkononi mwa mke, au kwa mtu ambaye mke mwenyewe amemchagua, pamoja na nauli ya dharura isiyoguswa kwa jambo jingine. La pili ni kukubaliana siku ya kupiga simu. Simu moja ya uhakika kila Ijumaa, hata ya dakika tano, inatuliza kuliko simu nyingi zisizojulikana zitakuja lini, kwa sababu kinachochosha mwili ni kusubiri kusikokuwa na mwisho. Kama ipo nia ya kuoa mke mwingine au kuachana, sitaki kumfundisha mtu dini yake, ila wazee wa pande zote mbili wanaweza kuombwa jambo hilo lisubiri hadi mama ajifungue na apate nguvu.

Panapokuwa na kipigo, kugawana kazi hakutoshi. Hapo mjamzito anahitaji usalama: kwao, kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, au kwenye vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyopo katika baadhi ya hospitali zetu, ambako matibabu, ushauri na polisi hupatikana mahali pamoja.

Yaliyo mikononi mwa mjamzito mwenyewe

Ni machache, na ni vyema yabaki machache. Usingizi ndio wa kwanza: saa moja ya kulala baada ya adhuhuri, mlango ukiwa umefungwa na simu ikiwa chumba kingine, na kuanzia wiki ya 28 alale kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia, badala ya chali. Wasiwasi ukimpanda, avute pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa polepole kwa hesabu ya sita, kwa dakika tano. Anayevuta tasbihi bila haraka baada ya sala atagundua kwamba pumzi yake tayari inakwenda hivyo. Kutembea jioni, jua likiwa limepungua, pamoja na mtu wa kuzungumza naye, kunafaa kuliko kukaa ndani. Kuhusu Ramadhani, dini imempa mjamzito anayejihofia yeye au mtoto wake ruhusa ya kufungua, na kwa hukumu ya kulipa aulize kwa mwanachuoni anayemwamini. Asifunge kwa kuogopa macho ya majirani.

Uchovu, moyo kwenda mbio na kukosa raha vinaweza pia kuwa dalili za upungufu wa damu, maradhi ambayo visiwani kwetu si mageni. Apimwe damu kabla ya kuhukumiwa kwamba ana mawazo. Anayetamani kutafuna udongo asichekwe: mara nyingi mwili wenye upungufu wa madini chuma ndio unaotamani hivyo, na udongo nao hupunguza ufyonzaji wa madini hayo. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi vinavyotolewa kliniki viliwe kila siku, na chumvi ya nyumbani iwe ile iliyotiwa madini joto, kwani ubongo wa mtoto unayahitaji na chumvi ya kuvuna pwani haina ya kutosha isipoongezewa.

Kliniki, na lini usisubiri kliniki

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito aonane na wahudumu mara nane, mara ya kwanza kabla ya wiki ya 12. Katika mojawapo ya ziara hizo aseme wazi kuhusu usingizi na huzuni yake, kwa sababu foleni ni ndefu na mkunga atapima presha na kimo cha tumbo, lakini ya moyoni hatayajua asipoambiwa. Huzuni, kukata tamaa au kutopendezwa na chochote kukiendelea kwa wiki mbili mfululizo, hiyo yaweza kuwa sonona, nayo ina tiba. Wengi hukaa kimya kwa kuogopa kutajiwa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja, kana kwamba kila anayezungumza na mtaalamu wa akili amekwisha kuwa mwendawazimu. Tiba ya kwanza huwa ni mazungumzo ya utaratibu, na si lazima ayafanye daktari: katika utafiti wa vijijini Pakistani uliochapishwa 2008, wahudumu wa afya wanawake, ambao hawakuwa wataalamu wa akili, walifundishwa kuwatembelea majumbani wajawazito wenye sonona, na miezi sita baada ya kujifungua waliobaki na sonona walikuwa takriban robo yao, ilhali kwa waliotembelewa bila mazungumzo hayo walikuwa zaidi ya nusu. Kwetu, wajitolea wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba ndio mlango wa karibu zaidi. Anayetumia dawa za sonona au za kifafa asiziache mwenyewe kwa kusikia kwamba ana mimba. Azungumze na daktari wake kwanza. Kombe, yaani maji ya aya zilizoandikwa na kuoshwa ili zinywewe, na dua havikatazwi na mtu, mradi visichukue nafasi ya hayo.

Usiku huohuo, bila kusubiri siku ya kadi, apelekwe hospitali mjamzito anayesema afadhali afe, anayesikia sauti, anayetokwa na damu, anayeumwa sana na kichwa huku macho yakimpa ukungu, aliyepatwa na degedege, au ambaye mtoto wake amepunguza kucheza.

Mtoto akishazaliwa

Ujenzi unaendelea, na hapa ndipo penye habari njema zaidi. Watafiti wa Montreal waliochunguza panya waliona kwamba watoto wanaorambwa sana na mama zao hukua watulivu zaidi mbele ya hofu, na kwamba mtoto aliyezaliwa na mama asiyeramba, akilelewa na anayeramba, hufuata tabia ya mlezi. Binadamu si panya, lakini kazi ni ileile: mtoto awekwe kifuani ngozi kwa ngozi mara anapozaliwa, anyonye ndani ya saa ya kwanza na yale maziwa ya mwanzo ya manjano yasikamuliwe na kumwagwa, kisha azungumzwe naye uso kwa uso, karibu, kwani mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ndio umbali wa uso wa anayemnyonyesha. Njiti abebwe kwa njia ya kangaruu, yaani afungwe kifuani ngozi kwa ngozi, na baba anaweza kumbeba vilevile.

Arubaini yetu, mama anapokwenda kwao akapikiwa uji wa pilipili manga, akachuliwa na kuondolewa kazi zote, ni dawa ambayo tusikubali ipotee kwa kisingizio cha maisha ya mjini. Nalitoa jambo moja tu ndani yake, nalo ni msururu wa wageni wanaomwamsha mzazi ili wamwone mtoto; mama yake huyo mzazi, mwenye ulimi mkali, akikaa mlangoni anafaa kuliko zawadi nyingi. Kisha tazameni siku inayofuata arubaini, mama anaporudi kwa mumewe na kukuta vyombo, moto, mtoto mkubwa na usiku usio na msaidizi. Wifi yangu aliyapita miezi ya mwisho ya mimba vizuri, deni likiwa limelipwa na mama mkwe akiingia baharini badala yake, na ilikuwa wiki hiyo ya kurudi ndipo usingizi ulipokatika tena. Andikeni tarehe hiyo mapema, na mchague mtu wa kulala naye nyumba moja kwa wiki mbili za mwanzo.